Ninatafuta matairi ya asili ya 7.50-20 kwa lori la kijeshi la GMC CCKW la mwaka 1943

Mwenye CCKW ameuliza:

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ninalo lori la kijeshi la GMC CCKW 353 la mwaka 1943, lile la tani mbili na nusu ambalo ekseli zake zote tatu huendeshwa na injini. Kazi ya kulirudisha katika hali yake ya kiwandani imefika mbali: injini ya silinda sita inafanya kazi vizuri, breki zimefanyiwa matengenezo yote, na bodi ya mbao imejengwa upya kwa vipimo vya zamani. Kilichobaki, na ndicho kinachonisumbua zaidi, ni matairi. Mbele kuna matairi mawili ya kashata (michoro ya uso wa tairi) za barabarani yasiyofanana kabisa na yale ninayoyaona katika picha za vita. Nyuma yapo manane ya watengenezaji tofauti, na mengine yamepasuka ubavuni kiasi kwamba nyuzi zinaonekana. Tairi la akiba ni kipara.

Kitabu cha jeshi cha matengenezo ya lori hili, TM 9-801, kinataja saizi ya 7.50-20, yaani upana wa inchi 7.50 kwa rimu ya inchi 20. Ninahitaji matairi kumi ya chini na moja la akiba, yote yawe na kashata za kijeshi za wakati ule. Lori halitabeba mzigo mzito, bali litakwenda kwenye maonyesho na katika safari za wastani za lami na vumbi. Naomba mnieleze: je, saizi hii bado inatengenezwa kwa muundo wa kale, au nitegemee yale yaliyobaki katika maghala ya majeshi? Na kama 7.50-20 haitapatikana, je, 8.25-20 inaweza kukaa kwenye rimu zilezile bila madhara?

Mzee wa Karakana amejibu:

Ndugu yangu, hongera kwa kazi hiyo. Malori haya yalitengenezwa kwa wingi mno, zaidi ya 500,000 kati ya mwaka 1941 na 1945, na kwa sababu hiyo hata leo wapo wamiliki wa kutosha duniani kuwafanya wenye viwanda waone faida ya kuendelea kumwaga mpira katika kalibu za zamani. Uko katika hali nzuri kuliko mwenye lori la aina adimu ambalo lilitoka kiwandani kwa mamia tu.

Anza na kashata zenyewe, kwa sababu ndizo zitakazoamua kama lori lako linaonekana sawasawa. Unazozitafuta ni zile zinazojulikana kwa herufi NDT, yaani tairi lisilo na mwelekeo. Vitufe vyake vimepangwa kushoto na kulia kwa namna ambayo tairi likigeuzwa nyuma mbele linashika ardhi vilevile. Kwa jeshi faida ilikuwa kubwa: tairi moja la akiba lilifaa upande wowote wa gari, mbele au nyuma, ndani au nje, na dereva aliyekwama kwenye tope alipata mshiko uleule iwe anasonga mbele au anarudi kinyumenyume. Udhaifu wake ni lami iliyoloa, maana vitufe ni vipana na haina mifereji myembamba ya kukatia maji. Mvua ikinyesha, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele kuliko ulivyozoea, na kona uziingie polepole.

Saizi ya 7.50-20 haikufa pamoja na vita. Lori la Studebaker US6, ambalo Marekani ililipeleka kwa wingi Umoja wa Kisovyeti, lilitumia saizi hiyohiyo, na baada ya vita ikatumiwa na GAZ-51 la Kisovyeti pamoja na malori mengi ya kiraia. Hivyo usitafute kwa jina moja tu. Katika mfumo wa kale zaidi tairi hili liliandikwa 34x7. Katika nchi zilizokuwa za Kisovyeti utaliona kama 220-508, kwa kuwa milimita 508 ndizo inchi 20. Muuzaji anayekwambia hana 7.50-20 huenda analo dukani mwake chini ya maandishi mengine, ingawa la GAZ-51 huja na kashata zake na halitakupa sura ya Kimarekani.

Kwa matairi mapya yenye kashata za NDT, tazama kwanza kampuni ya Specialty Tires of America ya Pennsylvania, ambayo imeendelea kutengeneza matairi ya kijeshi ya muundo wa kale. Coker Tire ya Chattanooga, Tennessee, ni muuzaji mashuhuri wa matairi ya magari ya zamani, na upande wa Uingereza ipo Vintage Tyres ya Beaulieu. Usiache pia vyama vya wenye magari ya kijeshi, kama Military Vehicle Preservation Association iliyoanzishwa Marekani mwaka 1976 na Military Vehicle Trust ya Uingereza. Matairi kumi na moja ni mzigo mkubwa, na gharama ya kuyasafirisha inaweza kukaribia bei ya matairi yenyewe. Wanachama wanaoagiza pamoja na kujaza kontena moja hupunguziana mzigo huo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya ubavu wa kila tairi, si picha ya tairi moja la mfano. Tafuta msimbo wa DOT, yaani namba ya Idara ya Usafirishaji ya Marekani iliyopigwa ubavuni, na katika mwisho wake zisome tarakimu nne: 0822, kwa mfano, ni wiki ya 8 ya mwaka 2022. Msimbo wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya hapo, hata kama vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama juu ya kashata. Hakikisha pia kwamba limeandikwa tabaka 8 za nyuzi au zaidi, na kwamba muundo wake ni wa nyuzi zilizopishana mshazari, kama lilivyokuwa la asili, wala si wa radiali, ambao nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Aina hizo mbili hukata kona na kuyumba kwa namna tofauti, na kuzichanganya katika ekseli moja ni hatari.

Kwa maoni yangu, katika lori linalotembea uasili uutafute katika saizi, kashata na muundo wa nyuzi, na mpira wenyewe uwe mpya. Lililotengenezwa mwaka jana katika kalibu ya zamani ni bora kwa kila hali kuliko lililotoka kiwandani mwaka 1944 na kulala ghalani tangu siku hiyo.

Mhifadhi amejibu:

Mzee wetu, shikamoo. Kuhusu usalama barabarani sina la kupinga. Ninachomwomba ndugu mwuliza swali ni kwamba asiyatupe matairi yake ya nyuma kabla ya kuyasafisha ubavu na kuyasoma moja baada ya jingine. Katika seti iliyochanganyika namna hiyo, si ajabu kukuta moja au mawili ya wakati wa vita, yenye majina kama Firestone, Goodyear, B.F. Goodrich, U.S. Royal au General. Tairi la namna hiyo ni ushahidi wa historia ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuurudisha.

Tukumbuke mpira ulikuwa na thamani gani wakati huo. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia ya leo, na Marekani ikapoteza takriban asilimia 90 ya mpira asilia iliyokuwa ikiuagiza. Raia waligawiwa matairi kwa vibali, na mwendo wa magari barabarani ukawekewa kikomo cha maili 35 kwa saa ili matairi yadumu. Wakati huohuo viwanda vya mpira wa kutengenezwa kutokana na butadieni na stireni, ulioitwa GR-S, vilijengwa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Mpira huo ulifaa vizuri kwa magari madogo, lakini katika matairi makubwa ya malori ulipata joto haraka mno, na ndiyo sababu sehemu ya mpira asilia iliendelea kuchanganywa humo. Lori lako la mwaka 1943 lilitoka kiwandani katikati ya mabadiliko hayo.

Halafu ikaja safari ya Red Ball Express huko Ufaransa, kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba mwaka 1944, ambapo malori ya aina hii yalikimbia usiku na mchana kuwapelekea mafuta, risasi na chakula wanajeshi waliokuwa wakisonga mbele kwa kasi. Madereva wengi katika msafara ule walikuwa Wamarekani weusi. Matairi yaliisha kwa maelfu kwa sababu ya mizigo iliyopita kiasi, upepo usiopimwa, na mikebe ya chakula iliyotupwa njiani ambayo kingo zake zilikata mpira kama visu. Tairi lililosalia kutoka enzi ile, lenye jina la mtengenezaji bado linasomeka, nalihesabu kuwa na thamani sawa na hati ya lori.

Kwa hiyo nashauri hivi. Matairi ya kale yenye maandishi yaondolewe upepo wote, yatolewe kwenye rimu, yaoshwe kwa maji na sabuni laini, kisha yahifadhiwe yakiwa yamesimama mahali penye giza na ubaridi, mbali na mota za umeme, kwa kuwa ozoni inayotoka kwenye mota hizo ndiyo hupasua mpira. Katika maonyesho ya kusimama tu, moja lililo bora linaweza kuwekwa mahali pa tairi la akiba ili watu walione na kulisoma. Likiwa hapo, liandikiwe kibao kwamba si la kutumika, maana siku ya pancha mtu asiyejua anaweza kulifunga na kuondoka nalo.

Mwenye CCKW ameandika:

Mzee wangu na Mhifadhi, nawashukuru sana kwa maelezo hayo. Nimesafisha mbavu za matairi kama nilivyoelekezwa, na tairi moja la nyuma, upande wa ndani, lina jina la U.S. Royal na halina msimbo wowote wa DOT. Hilo nitalitoa na kulihifadhi.

Limezuka jambo jingine. Nimepata muuzaji wa vifaa vya ziada vya jeshi aliye na matairi kumi na mawili ya 7.50-20 yenye kashata za NDT, ambayo anasema hayajawahi kufungwa kwenye gari. Yalitoka katika ghala la jeshi mojawapo la Ulaya, bei yake ni chini ya nusu ya matairi mapya, na kwa macho yanang'aa kama yametoka kiwandani jana. Tarehe haionekani popote. Nayachukulieje? Vilevile, kwa kuwa rimu zangu ni zile za ringi, naomba kujua ni mambo gani niyaangalie kabla ya kumkabidhi fundi.

Fundi wa Ringi amejibu:

Ndugu, nianze na matairi hayo ya ghalani. Majeshi kadhaa ya Ulaya, la Ufaransa likiwa mojawapo, yaliendelea kuyatumia malori ya GMC kwa miaka mingi baada ya vita, kwa hiyo matairi ya ziada yaliyoagizwa miongo kadhaa baadaye yapo kweli, na huenda muuzaji hasemi uongo. Kung'aa kwake, hata hivyo, hakukuambii lolote, kwa kuwa dawa ya kung'arisha mpira hupakwa kwa dakika chache. Tairi huzeeka hata likiwa limelala. Mafuta yaliyochanganywa katika mpira hupungua, mpira hukauka na kuwa mgumu, na gundi inayoshikanisha tabaka za nyuzi hudhoofika mahali ambapo jicho halifiki.

Ukienda kuyaona, bonyeza kashata kwa ukucha: mpira ulio hai hubonyea kidogo na kurudi, uliokufa ni kama ubao. Ukunje ubavu kwa nguvu za mikono miwili na utazame kama kuna mistari myembamba inayofunguka, hasa karibu na ukingo unaokaa kwenye rimu, kwa sababu hapo ndipo tairi lililorundikwa kwa miaka mingi huumia kwanza. Ingiza mkono ndani na upapase pande zote. Ukigusa uvimbe, mkunjo au nyuzi zilizolegea, liache. Tairi lisilo na tarehe na lisilo na historia ya kuhifadhiwa mimi silifungi kwenye ekseli ya mbele ya lori la mtu yeyote, hata akiniambia ataliendesha taratibu. Nchini Uingereza, tangu mwezi Februari mwaka 2021, malori na mabasi hayaruhusiwi kuwa na matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Magari ya kihistoria yasiyofanya biashara yamepewa msamaha, lakini fizikia ya tairi la mbele linalopasuka haina msamaha huo, kwa kuwa usukani wa lori hili hauna msaada wa haidroli na dereva anabaki na nguvu za mikono yake peke yake.

Sasa rimu, na hapa naomba uniwie radhi nikisema kwa urefu, kwa kuwa ni suala la uhai wa watu. Rimu ya lori lako ina ringi ya chuma iliyokatwa sehemu moja, ambayo inaingia katika mfereji wa rimu na kulizuia tairi lisitoke. Tairi likijazwa upepo, nguvu inayoisukuma ringi hiyo ni ya tani kadhaa. Ringi ikiwa imekaa vibaya, imeliwa na kutu au imepinda, inaruka, nayo ikimpata mtu inaua.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, toa upepo wote kwa kuondoa kiini cha vali, kisha pitisha waya katika tundu la vali kuhakikisha haijaziba. Kwenye magurudumu pacha ya nyuma toa upepo katika tairi la nje na la ndani pia, hata kama unatoa la nje tu. Kumbuka kwamba nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguliwa kinyume na zile za kulia. Angalia herufi L na R kwenye boliti, maana watu wengi wamekata boliti nzima kwa kulazimisha upande usio wenyewe.

Tairi likishatoka, rimu na ringi zisafishwe mpaka chuma kionekane. Kutu ya juujuu hukwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Mfereji ulioliwa ukapoteza umbo lake, ufa wowote, au ringi ambayo ncha zake hazikutani sawasawa, hiyo ni rimu ya kuonyesha na si ya kutembelea. Usichomelee ringi wala rimu. Usichukue ringi ya rimu moja ukaivisha rimu ya mtengenezaji mwingine kwa sababu tu inaonekana kuingia. Soma mihuri iliyopigwa kwenye chuma, na kama haisomeki au hailingani, tafuta rimu na ringi zilizokuja pamoja.

Nunua tyubu mpya na flepu mpya pamoja na matairi. Flepu ni ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu. Mafundi wengi hurudisha ya zamani kwa kuona ni kitu kidogo, ilhali flepu iliyokauka na kujikunja huisaga tyubu kidogokidogo mpaka itoboke safarini. Tyubu ya zamani nayo imekwisha kutanuka, na ndani ya tairi jipya itajikunja. Paka unga wa talki ndani ya tairi, jaza upepo kidogo tyubu ikae, uutoe wote ili mikunjo ijinyooshe, kisha ndipo ujaze kwa kipimo.

Kujaza kufanyike ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika chenyewe kwenye vali, na fundi asimame pembeni, asiwe mbele ya ringi. Tairi likiwa na upepo, ringi haigongwi kwa nyundo hata kama inaonekana imebaki kidogo tu kuingia. Toa upepo wote uanze upya. Karakana isiyo na kizimba usiipe kazi hii.

Dereva wa Ekseli Tatu amejibu:

Naomba kujibu swali lako la kwanza kuhusu 8.25-20, kwa kuwa naona limepitwa.

Kuna wanaoifunga, na katika baadhi ya rimu inakubali kuingia. Tatizo linaanza baada ya hapo. Tairi la 8.25-20 limezidi la 7.50-20 kwa sentimeta 3 hadi 4 za kipenyo na karibu sentimeta 2 za upana. Kwenye magurudumu pacha ya nyuma nafasi kati ya tairi la ndani na la nje ilipimwa kwa ajili ya 7.50, na ukiongeza upana huo mbavu za matairi zinakaribiana. Lori likipata mzigo au likiegemea kwenye kona, yanasuguana, yanapata joto na kuchanika. Tairi la ndani pia linasogelea springi, na mbele unaweza kukuta tairi linagusa vyuma vya usukani, usukani ukikatwa hadi mwisho. Mbali na hayo, mwonekano wa lori unabadilika, na mtu anayeyafahamu magari haya ataligundua hilo akiwa mbali.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii katika malori ya ekseli tatu ni ulinganifu. Ekseli mbili za nyuma za CCKW huendeshwa kwa pamoja bila difu (gia zinazoruhusu kila upande uzunguke kwa kasi yake) ya kuzitenganisha moja na nyingine. Kama matairi ya ekseli moja ni makubwa kuliko ya ile nyingine, kila gurudumu linataka kuzunguka kwa idadi yake, na kwa kuwa tairi la saizi hii huzunguka zaidi ya mara 300 katika kila kilomita, hata tofauti ndogo inajilimbikiza haraka. Katika tope au mchanga magurudumu huteleza kidogo na nguvu hiyo inapotea. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, hivyo inakaa katika shafti na gia za difu, na mwisho wake ni kuvunjika kwa chuma ambacho ni kigumu kukipata kuliko tairi.

Kwa matairi pacha ya saizi hii, kipimo kinachokubalika ni tofauti isiyozidi robo inchi ya kipenyo, yaani milimita 6, au milimita 19 ukipima mzingo kwa utepe. Jaza yote manane kwa upepo uliotajwa katika kitabu, yaache yapoe, kisha pima mzingo wa kila moja katikati ya kashata na uandike kwa chaki. Yapange kwa kulinganisha jumla ya kila ekseli, na katika kila jozi, kama kuna tofauti, lililo kubwa kidogo likae nje, kwa kuwa barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka pembeni. Vali za tairi la ndani na la nje zielekezwe pande mbili zinazokabiliana, ili uweze kupima upepo wa la ndani bila kulifungua la nje. Tairi la ndani lililopungua upepo halionekani kwa macho, kwani la nje hulibebea mzigo mpaka nalo lizidiwe.

Ukichanganya 8.25 mbele na 7.50 nyuma kwa matumaini kwamba hutaunganisha ekseli ya mbele na injini, siku utakapoiunganisha kwenye ardhi ngumu utaumiza boksi la kugawia nguvu. Baki na 7.50-20 pande zote.

Mwenye CCKW ameandika:

Nimeelewa, nanyi nyote nawashukuru. Matairi ya ghalani nimeyaacha, na 8.25 nimeifuta katika hesabu zangu. Limebaki swali moja la mfuko. Kununua matairi kumi na moja mapya kwa mkupuo, pamoja na tyubu, flepu na usafirishaji, kunanizidi kwa sasa. Je, naweza kununua kwa awamu bila kuharibu lori, na kama ndiyo, nianze na yapi?

Dereva wa Ekseli Tatu amejibu:

Unaweza, ilimradi ugawe kwa kufuata mitambo na si kwa kufuata bei. Anza na mawili ya mbele, kwa kuwa ndiyo yanayoushika usukani na ndiyo yenye hatari kubwa yakipasuka. Yakishafungwa, usiunganishe ekseli ya mbele kwenye ardhi ngumu mpaka ya nyuma nayo yawe mapya, kwa sababu mzingo wa tairi jipya na wa lililolika hautalingana. Wakati huohuo matairi ya nyuma yenye nyuzi zinazoonekana yasitembee hata mita mia moja. Lori lisimame juu ya vigingi vya kubebea ekseli, likiwashwa mara kwa mara bila kusogezwa.

Awamu ya pili ni manane ya nyuma kwa pamoja, kutoka kwa mtengenezaji mmoja na, ikiwezekana, yenye tarehe zinazokaribiana. Kununua manne sasa na manne mwakani kutakurudisha kwenye tatizo la mzingo nililolieleza, isipokuwa kama lori litakaa juu ya vigingi mpaka yote yafike. La akiba liwe la mwisho. Mpaka hapo, chagua katika yale ya kashata za barabarani uliyoyatoa mbele lililo zima kuliko mwenzake, fundi alikague ndani na nje, na pancha ikitokea lifungwe mbele tu, kwa mwendo mdogo, ekseli ya mbele ikiwa imeachanishwa. Tairi lililotoboka likishazibwa, lirudi mahali pake siku hiyohiyo.

Fundi wa Ringi amejibu:

Niongeze moja kwa awamu hizo. Agiza tyubu na flepu zote kumi na moja pamoja na yale mawili ya kwanza, kwa kuwa ni nyepesi kusafirisha na mara nyingi ndizo zinazokwisha ghalani kwa muuzaji kabla ya matairi. Zihifadhi zikiwa zimekunjwa kwa ulegevu ndani ya mfuko mweusi, mbali na mafuta na grisi. Na rimu zote kumi na moja zikaguliwe sasa, kabla hujalipia hata tairi moja, maana ukikuta tatu hazifai utahitaji muda wa kutafuta nyingine zenye ringi zake.

Mwenye CCKW ameandika:

Nitafanya hivyo. Kesho rimu zinaanza kukwanguliwa, na picha za mihuri yake nitaziweka hapa ili Fundi wa Ringi anisaidie kuzisoma.